Kikao Hoyee!

Siku hizi wamezuka walimu wa kupanga muda. Wanakuambia uamke saa kumi na moja alfajiri, uandike shughuli zako kwenye daftari kwa kufuata umuhimu, uzime simu, ujifunze kusema hapana. Ushauri mzuri, ila una kasoro moja: unamtaka mtu aibebe siku yake peke yake. Zikipotea saa, alaumiwe yeye. Ubinadamu uko wapi hapo? Wenye busara walikwisha kuuona ukatili huo zamani wakatuachia dawa, na dawa yenyewe inaitwa kikao.

Kaa nyumbani saa tatu ukiitazama dari, utaitwa mvivu, tena na watoto wako mwenyewe. Kaa saa tatu hizohizo ukiitazama dari ya ukumbi wa mikutano, wewe ni mjumbe. Jioni utarudi umechoka kihalali, na ukiulizwa siku ilikwendaje utajibu kwa sauti ya mtu aliyebeba taifa mabegani: "Leo nilikuwa na vikao." Hakuna atakayethubutu kuuliza zaidi. Chakula kitaletwa.

Fadhila ya kwanza ya kikao ni kwamba kinampa mtu mahali pa kuwa. Mwananchi ametoka Mbagala kwa daladala mbili, bahasha ya kaki kwapani, anafuatilia hati ya kiwanja. Akiambiwa dirishani kwamba mhusika anakunywa chai, ataanza kuhoji, ataita wenzake, pengine atapiga simu redioni. Lakini akiambiwa, "Yuko kwenye kikao," ananyamaza kama aliyesikia kwamba mtu yuko msikitini au kanisani. Anauliza kwa adabu tu: "Kinaisha saa ngapi?" Karani hutabasamu. Swali hilo halijapata jibu tangu ofisi ijengwe.

Tazama pia namna kikao kinavyoilainisha saa. Barua imeandika saa tatu kamili asubuhi. Saa tatu kamili yupo mhudumu anayepanga viti na mjumbe mmoja ambaye bado ni mgeni mjini. Saa tatu na nusu zinaanza kupigwa simu. "Niko njiani, nipo hapa Ubungo," anasema mjumbe, na nyuma ya sauti yake maji ya bafuni yanasikika yakimwagika. Hatusemi kwamba tunapoteza muda, tunasubiri akidi. Na katika kusubiri huko ndipo shughuli za kweli zinapofanyika: nani amefiwa, gunia la mahindi limefika shilingi ngapi, nani anauza kiwanja Kigamboni, kijana wa nani amemaliza chuo na hana kazi. Akidi ikitimia mambo hayo muhimu hukatizwa, na kikao hufunguliwa.

Kikishafunguliwa, hakina papara. Kwanza husomwa muhtasari wa kikao kilichopita, ukurasa kwa ukurasa. Ukurasa wa kwanza, masahihisho? Mzee Khamis anasimama kulalamika kwamba jina lake limeandikwa bila herufi ya K. Linasahihishwa. Ukurasa wa pili? Mzee Khamis tena, jina ni lilelile. Baada ya hapo yanakuja yatokanayo, na hapa naomba wenye haraka watege sikio. Chukua kufuli la choo cha ofisi, lililoharibika. Kikao cha Januari kiliagiza linunuliwe jipya. Kikao cha Machi kilielezwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Kikao cha Juni kilipokea taarifa ya utekelezaji: kazi inaendelea vizuri. Fundi mmoja na noti chache vingelimaliza jambo hili asubuhi moja, na kwa kulimaliza vingeliua. Ndani ya muhtasari kufuli lile linaishi, linakua, limepata namba ya ajenda. Watu bado wanaingia chooni huku wakiimba ili wajulikane wamo.

Mwingereza C. Northcote Parkinson, katika kitabu chake cha mwaka 1957, alieleza kamati iliyopitisha ujenzi wa kinu cha nyuklia cha mamilioni kwa dakika mbili na nusu, kisha ikatumia dakika 45 juu ya banda la baiskeli, na saa moja na robo juu ya vinywaji vya wajumbe. Kinu hakuna aliyekielewa; kahawa kila mtu amewahi kuinywa. Parkinson alidhani anakejeli. Laiti angeketi jioni moja na kamati ya harusi pale Sinza, angeomba radhi.

Meza za plastiki zimeunganishwa, muziki umeombwa upunguzwe na haujapunguzwa. Mweka hazina anasoma: ahadi, milioni kumi na nane; taslimu, milioni mbili na laki tatu. Pengo hilo halichukui hata dakika. "Wajumbe tuongeze kasi ya kufuatilia ahadi," anasema mwenyekiti, makofi yanapigwa. Ukumbi unapitishwa kabla soda hazijafunguliwa. Kisha inakuja ndafu. Mbuzi huyo mzima aliyechomwa, aingie ukumbini kabla ya keki kukatwa au baada? Hapo watu wanasimama. Shangazi wa bwana harusi anasema kwao Moshi mambo hayo yana utaratibu na hauchezewi. Mjomba wa bibi harusi anajibu kwamba kwao hawaijui ndafu, wanaijua pilau, na pilau haina maandamano. Mama wa mapambo anataka ijulikane kwanza mbuzi atapita upande gani, maana vitambaa vya viti ni vyeupe. Saa tano usiku inaundwa kamati ndogo ya ndafu, ilete taarifa kikao kijacho. Bwana harusi yupo pembeni, anatikisa kichwa kukubali kila hoja, hata zinazopingana. Na shughuli ikishapita, kamati haifi kimyakimya. Hufanyiwa sherehe yake yenyewe, vunja kamati, kula kilichobaki. Sherehe hiyo nayo huandaliwa kwa kikao.

Lakini moyo wa kikao ni mengineyo. Ajenda nyingine zote zina jina na mipaka; hii haina. Mwenyekiti amekwisha kukusanya karatasi, anasema, "Kama hakuna mengineyo, basi," na mkono unanyooka kule nyuma. Ni yule aliyekuwa amelala. "Mheshimiwa mwenyekiti, kwa kuwa muda si rafiki, nitasema kwa kifupi. Mimi nina mambo matatu tu." La kwanza anaunga mkono aliyosema msemaji aliyetangulia, na ili tusiwe na shaka anayarudia yote. La pili lina vipengele. La tatu amelisahau, anaomba alikumbuke wakati wengine wanachangia. Njaa inauma, daladala zinapungua barabarani, na hakuna anayeondoka, kwa sababu anayeondoka ndiye atakayepewa kazi.

Wenye wivu watasema watu wanakwenda vikaoni kwa ajili ya posho. Uzushi huo ni wa zamani. Mwaka 2011 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, alikataa kuchukua posho ya vikao vya Bunge, hoja yake ikiwa kwamba kukaa kikaoni ni sehemu ya kazi ambayo mbunge tayari analipwa mshahara. Nchi ilijadili kwa kina. Posho ilivumilia mjadala huo kwa uungwana mkubwa, nayo ingali nasi. Mimi nasema bahasha haina kosa. Mtu ametoa saa nne za maisha yake kusikiliza habari za kufuli; sambusa mbili na chupa ya maji haviwezi kumfidia.

Wapo pia wanaotaka vikao vifupi, vyenye maamuzi. Hao nawapa historia. Mnamo Novemba 1884 wajumbe wa mataifa makubwa walikutana Berlin kwa mwaliko wa Bismarck. Walikuwa na ajenda, walikuwa na nidhamu, na hakuna Mwafrika hata mmoja aliyeitwa kuchangia mengineyo. Walifunga kikao tarehe 26 Februari 1885 wakiwa wamekubaliana kanuni za kuikalia ardhi yetu. Kesho yake tu, tarehe 27, Carl Peters na chama chake cha ukoloni walipata hati ya ulinzi ya Mfalme wa Ujerumani kwa maeneo waliyodai kuyapata kwa mikataba huku bara. Hivyo ndivyo kikao chenye maamuzi kinavyoweza kumfanyia mtu. Wangempata katibu wa kwetu awasomee muhtasari ukurasa kwa ukurasa, na Mzee Khamis mmoja wa kusahihisha jina lake, huenda mpaka leo wangekuwa kwenye yatokanayo.

Asije mtu akanipiga kwa fimbo ya Mwalimu. Najua kwamba mwaka 1963 Nyerere, akiandika juu ya demokrasia na mfumo wa vyama, aliutumia mfano wa wazee wanaokaa chini ya mti mkubwa na kuzungumza mpaka wakubaliane. Sisi warithi wake tumeuboresha utaratibu huo. Mti tumeuondoa, tumeweka kiyoyozi. Kukubaliana tumekuondoa pia. Kuzungumza tumekubakiza kama kulivyokuwa.

Kwa haki yote niliyonayo, sina budi kutaja aibu moja inayolichafua jina la kikao, nayo ni vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana. Nenda kawatazame wanawake wa mtaani kwako siku ya kukutana. Saa kumi ni saa kumi. Wamekaa kwa duara kwenye mkeka au kwenye viti, kila mmoja ana kitabu chake. Katikati lipo sanduku la chuma lenye makufuli matatu, na funguo zimeshikwa na watu watatu tofauti, hata mwenyekiti hawezi kulifungua peke yake. Aliyechelewa hatoi hadithi ya Ubungo. Anatoa faini, inaingia sandukuni mbele ya macho ya wote, na simu ikilia nayo inalipiwa. Hisa zinanunuliwa, zinahesabiwa kwa sauti. Marejesho yanapokelewa. Anayeomba mkopo anasema anataka kiasi gani, cha nini, atarudisha lini, na nani anamdhamini. Sanduku linafungwa, kufuli la kwanza, la pili, la tatu, na kila mtu anawahi nyumbani kupika. Mengineyo hakuna. Muuza mihogo anayetoka pale amepata mtaji wa wiki, na jua bado halijazama.

Nimejaribu kuwatetea, nimeshindwa. Watu hawa wameuwekea muda bei. Wamegundua kwamba dakika kumi za mtu mmoja aliyechelewa ni dakika kumi za kila aliyemsubiri, na kwamba aliyesubiri ana mihogo juani. Hilo sisi tumelikwepa kwa ustadi miaka yote. Sisi kikaoni hatumwibii mtu yeyote, tunawaibia wote kwa pamoja, na mali ya wote, kama mnavyofahamu, haina mwenyewe wa kwenda kushtaki. Hata kwa makufuli tunatofautiana: wao wana matatu na yote yanafunga, sisi tuna moja, na linafanyiwa kazi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukialikwa semina ya kupanga muda, usiende. Ukiitwa kikao cha kujadili semina hiyo, wahi kiti cha nyuma. Nawaomba wenye mamlaka wakilinde kikao dhidi ya saa ya ukutani, dhidi ya ajenda fupi, na zaidi ya yote dhidi ya wanawake wa vikoba. Wakiachiwa ofisi zetu kwa siku moja tu, saa nne asubuhi kazi zitakuwa zimekwisha, choo kitakuwa na kufuli, yule mwananchi wa Mbagala atakuwa na hati yake mkononi, na sisi wajumbe hatutakuwa na pa kujificha. Naomba kutoa hoja.