Friza ya Mama Mkwe

Katika ukoo wa mume wangu, mjuzi wa China ni Shemeji Mudi. Amekwenda Guangzhou kununua vitasa vya milango na taa za urembo, na Xiaobei, mtaa wanakofikia wafanyabiashara wengi wa Kiafrika, anaujua chochoro kwa chochoro. Basi binti yetu Zuhura, anayesoma Harbin, alipotualika tukamwone mwezi wa Januari kabla hajamaliza masomo, kikao cha nyumbani kiliitishwa, na mwenyekiti akawa Mudi bila mtu kumpigia kura.

"Shem, nisikilize mimi," akaniambia. "China baridi haiko nje. Nje unatembea na shati lako. Baridi utaikuta chumbani, usiku. Nunueni mablanketi."

Hakuwa anadanganya. Guangzhou mwezi wa Januari ni Lushoto mwezi wa Julai, na nyumba zake hazina joto la mabomba. Tangu miaka ya 1950 wenzetu waligawa nchi yao kwa kufuata mto Huai na milima ya Qinling: wa kaskazini mwa mstari wanapashiwa nyumba na mji, wa kusini kila mtu na shuka lake. Ndiyo maana wiki ya baridi ikiingia, mtu wa Guangzhou hutetemekea sebuleni kwake, kisha hutoka nje kuota jua. Mudi aliyaona hayo kwa macho yake, akayafanya sheria ya nchi nzima.

Ila Harbin iko zaidi ya kilomita 2,700 kutoka hapo, juu kabisa kaskazini-mashariki, upande wa Urusi. Wastani wa Januari ni kama nyuzi 18 chini ya sifuri, na kuna usiku unaoshuka kupita 30. Ndani, mabomba ya joto yanafanya kazi tangu Oktoba hadi Aprili. "Mama, mimi ndani navaa dera," Zuhura alituambia. "Kazi iko nje." Akatusihi tuje mapema Januari, kwa kuwa mwaka mpya wa Kichina ukikaribia watu mamilioni kwa mamilioni hurudi makwao na tiketi hupotea. Jambo la tatu alilolisema lilimgusa bibi yake peke yake: huko jua la Januari linazama kwenye saa kumi jioni, na Magharibi inaadhiniwa watu wa Dar hawajafikiria hata kuanua nguo.

Baba Zuhura hakusikia lolote kati ya hayo. Alikuwa ameshika namba moja tu, 18. Alishaiona mahali. Akatoka uani, akafuta vumbi kwenye kibandiko cha friza ya mama yake, na kweli: hasi 18.

Friza hiyo, niseme mapema, ni ofisi. Mama mkwe anauza barafu za ukwaju na za ubuyu kwa watoto wa shule, na kwa fedha hizo amesomesha na kuoza. Chini ya barafu hukaa samaki wa Ijumaa. Hakuna mtu anayeifungua bila kubisha hodi.

Jumamosi mama mkwe akaenda msibani Mbagala. Asubuhi hiyo hiyo mume wangu akatoka Karume na ovaroli la rangi ya chungwa, zipu kuanzia kidevuni hadi gotini, limeshonwa kwa ajili ya watu wanaoteleza kwenye theluji. Kwa joto la Dar, muuzaji nadhani angelitoa hata sadaka. Alirudi pia na viatu vya buti na glavu moja na nusu. Ya pili haikuwa na kidole gumba.

Sasa Zuhura alikuwa ametuonya kwamba soli za viatu vya huku zikipigwa na baridi ile hukakamaa na kuteleza, na kwamba simu hujizima kwa sababu betri huishiwa nguvu, kwa hiyo iwekwe mfuko wa ndani, karibu na mwili. Mtu mwingine angeamini. Baba Zuhura ni fundi, akataka ushahidi. Akatoa barafu zote, akazijaza kwenye mabeseni mawili, "dakika kumi tu", akalaza buti na simu yake juu ya samaki. Kisha akavaa ovaroli, akazamisha mkono mmoja hadi begani, akamwambia Mudi ahesabu.

Mudi alihesabu. Na mfuniko ulikaa wazi. Kisha chakula kikawa tayari, wakaja kula, mazungumzo yakahamia bei ya mizigo ya makontena.

Simu ikaanza kuita. Zuhura. Tuliisikia wote, kwa mbali, kama mtu anayeimba kisimani. Mudi alitafuta chini ya makochi, mimi jikoni. Mume wangu alipokumbuka na kuifikia chini ya mkia wa changu, ikazima mkononi mwake. "Mmeona?" akasema, uso umemng'ara. Wakati huo huo taa ya friza nayo ikazima, kwa kuwa ilikuwa imehangaika mchana kutwa ikiwa wazi mpaka uniti za LUKU zikaisha.

Mama mkwe alirudi Magharibi, ile ya kwetu, ya saa kumi na mbili na ushei. Ukwaju ulimpokea mlangoni. Mabeseni yalikuwa yamefurika, na lile ovaroli lililotupwa sakafuni limekunywa sehemu yake. Alivua viatu, akavuka, akamtazama mwanawe.

"Othman. Nilikuzaa Januari, saa saba mchana, jua la utosi. Baridi umeitolea wapi?"

Hakumsemesha tena. Jambo hilo lingeweza kuachwa lipoe lenyewe, isipokuwa viza. Kumtembelea ndugu anayesoma kule kuna viza yake, ya S2, na inadai uthibitisho wa undugu. Cheti cha kuzaliwa cha Zuhura kinasema baba yake ni Athumani. Pasipoti ya mume wangu inasema Othman. Ilihitajika hati ya kiapo kuwa wawili hao ni mtu mmoja, na aliyebaki hai wa kuapa ni mama yake.

"Huyo aliyeyeyusha barafu," mama mkwe alimuuliza wakili, "ni Athumani au Othman? Maana mmoja nitamkana."

Wakili akaweka kalamu chini. Nikampigia Zuhura kwa WeChat (WhatsApp imezuiwa kule, na hapa namshukuru Mudi, ndiye aliyetuwekea) nikamkabidhi bibi simu.

"Mke mwenza," bibi akaanza, "unaona baba yako?" Zuhura hakumtetea. Alimsimulia mto Songhua, unavyoganda ukakatwa vipande kwa misumeno kila Desemba, vikajengewa minara na majumba yenye taa ndani, na watu wanalipa kiingilio.

"Kiingilio? Kuangalia barafu?"

"Ndiyo, bibi. Na Zhongyang, mtaa wa kati, watu wanasimama kwenye baridi hiyo hiyo wanakula barafu za maziwa za hoteli moja kongwe."

"Mwenye barafu anaweka wapi friza?"

"Hana friza. Wengine wanapanga maboksi barabarani tu."

"Na umeme?"

"Wa nini, bibi?"

Mama mkwe alirudisha simu, akavuta karatasi, akaapa kwamba Athumani na Othman ni mtu mmoja. Akaongeza, ili wakili asikie vizuri, kwamba mtu huyo anadaiwa mabeseni mawili ya ukwaju, na kwamba atalipa kwa kumshughulikia yeye pasipoti kabla ya mwisho wa mwezi. Mudi akauliza kama amtafutie blanketi.