Land Rover ya Mwingereza

Hongera, tajiri wa Mazingara. Tumesikia Land Rover imerudi barabarani, safari hii na injini ya Toyota 3L: dizeli, silinda nne, lita 2.8, iliyokwisha kumtumikia bosi mwingine huko Japani. Muuzaji wa Gerezani aliapa kwamba haijawahi kufunguliwa. Fundi akakuta sampo imepakwa silikoni nyekundu, na alama za vidole juu yake. Wajapani nao siku hizi wanazibia kwa kidole, bila shaka.

Ikabidi ovahoo: ringi, beringi, gasketi ya silinda hedi. Gia boksi ya Mwingereza ikagoma kushikana na injini ya Mjapani, likachongwa bamba la chuma likae katikati kama mshenga. Maunti zikachomelewa upya. Feni ikala rejeta, rejeta ikasogezwa.

Na bado kijiweni unatutangazia kwamba gari lako ni “orijino”. Sawa, mzee. Hata kadi inakuunga mkono: namba ya injini iliyomo ni ya ile uliyoiuza skrepa. Pitia TRA wakaibadilishe, kabla trafiki wa Segera hajakuomba ufungue boneti.