Msiulize Kama Marekani Kuna Baridi

Wapendwa wa nyumbani,

Nashika kalamu kuhusu swali ambalo kila mwenye ndugu Marekani huliuliza ifikapo Desemba: "Huko baridi vipi?" Ni swali la upendo, lakini halijibiki. Marekani haina hali ya hewa moja; inazo nyingi, na hazisalimiani. Januari mkazi wa Miami hupata mchana wa nyuzi 24 hivi, joto ambalo Nairobi hulitamani mwezi Julai. Siku hiyohiyo mkazi wa Minneapolis anatoka jengo hadi jengo kwa vivuko vya kioo vilivyojengwa juu ya barabara, mradi asikutane na hewa ya nje. Wote wawili mnawatumia pole ileile. Yule wa Miami huipokea akanyamaza, pole haikataliwi.

Mtaniambia: mbona hata kwetu ni hivyo? Makete wanaota moto huku Dar es Salaam wanajipepea. Hoja hii ni nzito, siidharau. Ila baridi yetu ni ya mwinuko: ukipanda mlima utaikuta, ukishuka umeiacha hukohuko. Baridi ya Makete ina adabu zake, haijawahi kuteremka Kariakoo. Ya Marekani husafiri. Tazameni ramani: Milima ya Rocky imelala kaskazini hadi kusini, na mashariki yake ni nyanda tupu tangu kaskazini mwa Kanada hadi Ghuba ya Mexico, bila safu ya milima iliyokatiza njia. Hewa ya barafu ikiamua kushuka huingia Texas bila kupiga hodi, kama Februari 2021, mabomba yalipopasuka na mamilioni ya watu wakakaa bila umeme. Hewa ya joto yenye unyevu nayo hupanda kutoka Ghuba. Zikikutana, hasa majira ya machipuko, huzaa tonado. Nchi nzima hupata zaidi ya 1,000 kwa mwaka wa kawaida. Na mjini Spearfish, Dakota Kusini, tarehe 22 Januari 1943, upepo mkavu ulioteremka milimani ulipandisha joto kutoka nyuzi 20 chini ya sifuri hadi 7 juu yake kwa dakika mbili. Dakika mbili, jamani! Mzee wa kwetu hajamaliza hata kuulizia hali ya watoto.

Waliosoma jiografia watanikumbusha kwamba majira ni manne na yamo kwenye kalenda. Yamo, ila hali ya hewa haisomi kalenda. Mkondo baridi wa California unaipa San Francisco ukungu katikati ya Julai, na wageni waliokuja na kaptura huishia kununua masweta. Jimbo la jirani la Arizona, mji wa Phoenix ulikaa siku 31 mfululizo mwaka 2023 ukifika nyuzi 43 au zaidi. Arizona ina masika yake Julai, wakati Seattle inakauka. Hiyo Seattle inayosifika kwa mvua, kwa mwaka hupata kidogo kuliko New York na Miami. Kinachowachosha watu ni manyunyu yasiyokwisha.

Basi tupe wastani, mtasema. Rekodi ya joto ni nyuzi 56.7, Death Valley, 1913. Ya baridi ni 62.2 chini ya sifuri, Prospect Creek, Alaska, 1971. Wastani wa hizo mbili ni karibu 3 chini ya sifuri, ambao haumfai wa jangwani wala wa Alaska. Kwa hiyo ulizeni mji, mwezi, na kama kuna bahari au ziwa karibu. Na ndugu akiwajibu "leo ni 30", msimwonee wivu upesi: Wamarekani hupima kwa Farenhaiti, na 30 yao maji yanaganda.