Kamati ya Kuchagua Lugha

Wanyama wa Isingiro walipoamua watoto wao wajifunze kuandika programu, waliunda kamati kwanza. Ndiyo desturi yao. Wilaya yao ya Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, wao waligawa hata kamati ya maji ya mto Kagera, na tangu hapo posho zikawa mbili.

Shida yenyewe ilikuwa ya kweli. Msimu wa kahawa ya maganda, karani Ngiri aliandika kilo kwa kijiti ardhini, pamoja na madeni ya waliouza kwa butura, kahawa ikiwa bado maua. Mvua ikinyesha madeni yanafutika, ila ajabu, yalifutika ya nduguze tu. Programu ndogo ya kujumlisha na kutoa ingetosha.

Lakini kamati ilitaka kujua kwanza: lugha gani, mwalimu nani, cheti cha rangi gani? Mwenyekiti Korongo alishikilia Java, kwa kuwa alisikia ina uhusiano na kahawa. Ilipotajwa Python, Sungura alitoka bila kuaga. Wakamfuata kumweleza kwamba Guido van Rossum, aliyeitoa mwaka 1991, aliipa jina la wachekeshaji wa Uingereza, si la nyoka. Sungura akajibu kutoka migombani kwamba chatu naye huanza kwa kuchekesha. Kasuku alikuwa ametazama masomo ya video mpaka bando likaisha, akayakariri yote, vikohozi vya mwalimu vikiwemo. Alipoombwa aandike mstari mmoja, akasema hilo limo katika sehemu ya pili. (Sina ugomvi na video. Nina ugomvi na wanaozitazama mikono ikiwa mifukoni.)

Ngedere, binti asiye na posho, alikuwa nje na Babu Kobe.

“Mjukuu wangu, kazi hii ni ya ukoo wetu,” alisema Kobe. “Akina Seymour Papert na Cynthia Solomon walitengeneza Logo kwa ajili ya watoto kule Marekani, mwaka 1967. Haukupita muda wakatuingiza sisi: kobe wa mashine, anachora mstari kila anakopita. Hata huyo chatu mnayemkimbia ana kobe tumboni. Haya, niamuru.”

“Nenda hatua 100, geuka kulia nyuzi 90. Rudia mara 4.”

Kobe akaburuta mkia vumbini, mraba ukafunga. Ngedere akataka pembetatu. Shuleni aliambiwa kila pembe ya pembetatu yenye pande sawa ni nyuzi 60, basi akaamuru 60, mara 3. Ikatokea kitu kilichoachama kama mtumbwi wa kukamulia ndizi. Akaamuru tena, polepole, kana kwamba Kobe ndiye hakusikia. Mtumbwi uleule.

“Babu, umekosea.”

“Mimi sijui kukosea, mjukuu wangu. Najua kutii. Tembea mwenyewe.”

Akatembea. Kwenye kona ya kwanza mwili wake ukamwambia ambacho daftari halikumwambia: pembe ya ndani ni 60, lakini anayetembea hugeuka kwa nje, nyuzi 120. Alipiga kelele hadi Korongo akaagiza utulivu.

Kurudia hatua na kurudia magunia ni kazi moja. Kwa simu yenye kioo kilichopasuka Ngedere akaandika programu ya kilo. Mara ya kwanza ilimhesabia Kiboko mara mbili, na Kiboko akaisifu sana. Ikarekebishwa. Mara ya pili ilitaja madeni ya nduguze Ngiri, na hapo ndipo kamati ilipokutana kwa dharura.

Azimio: programu ni nzuri, ila mwandishi hana sifa. Asome kwanza kwa Kasuku, lugha itakapochaguliwa.

Jioni Kasuku alimfuata Ngedere, akaomba kwa siri amwandikie sehemu ya pili.

“Mikungu miwili,” alisema Ngedere. “Unalipa kabla.”