Uainishaji Mpya wa Majengo ya Kale ya Northamptonshire

Majengo ya kale ya Uingereza hupangwa rasmi kwa madaraja: la I, la II lenye nyota, na la II. Nyota hiyo inanukia kikao kilichovunjika jioni bila uamuzi. Kasoro ya mpango huu huonekana wazi Northamptonshire, kaunti ya mashamba na minara ya makanisa, ambako nyumba isiyo na paa imo daraja moja na kanisa linalosaliwa hadi leo. Tunapendekeza kipimo kingine: jengo lipo kwa kiasi gani?

Kundi la kwanza ni majengo yaliyopo kupita kiasi. Mfano ni mmoja, na unatosha. Sir Thomas Tresham, Mkatoliki aliyesota kizuizini miaka mingi kwa kung'ang'ania dini yake, alipoachiwa mwaka 1593 alianza kujenga Rushton nyumba ya pembetatu kwa heshima ya Utatu Mtakatifu. Kuta ni tatu, kila moja ina futi 33 na ushei. Ghorofa tatu. Madirisha yamepangwa matatu matatu. Kila upande una mstari wa Kilatini wenye herufi 33. Juu ya mlango imechongwa namba 5555, ambayo imewagombanisha wataalamu mpaka leo. Na baada ya teolojia yote hiyo, mpangaji aliyekusudiwa alikuwa mtunza sungura wa shambani, aliyeachiwa mzigo wa kutafuta kabati la kuingia kwenye kona ya nyuzi 60.

Kundi la pili ni mitumba. Kanisa la Brixworth lilijengwa na Waanglo-Saksoni zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, na matao yake ni ya matofali yaliyokwisha kutumiwa na Warumi. Vazi limekaa vizuri, tusichimbe zaidi.

Kundi la tatu ni maboma. Tresham huyohuyo alianza nyumba nyingine huko Lyveden, hii ikiwa na umbo la msalaba. Akafa Septemba 1605, mafundi wakaondoka. Mwanawe Francis akajiingiza katika njama ya kulipua Bunge na kufia gerezani mwaka huohuo, na madeni ya baba hayakumshawishi mtu kununua mbao. Boma hilo halijaezekwa mpaka leo. Nalo lina daraja la I.

Msalaba wa Geddington unatusumbua. Mfalme Edward wa Kwanza alifiwa na mkewe Eleanor mwaka 1290, akaamuru ujengwe msalaba kila mahali jeneza lilipolala njiani kuelekea London. Ilikuwa 12, imebaki mitatu, na miwili imo katika kaunti hii. Wa Geddington una pande tatu, miaka 300 kabla ya Tresham kujiona mbunifu, lakini msalaba wenyewe wa kileleni haupo. Umezidi na umepungua papo hapo. Tumeuruka.

Kundi la mwisho ni majengo yasiyokuwepo. Katika ngome ya Fotheringhay alizaliwa Richard wa Tatu mwaka 1452, na humo alikatwa kichwa Mary, Malkia wa Waskoti, Februari 1587. Kilichobaki ni kilima cha nyasi na bonge la mawe lililozungushiwa uzio kando ya mto Nene. Watalii wanakuja hata hivyo, na kupiga picha pale pasipo na kitu. Kwa matunzo, kundi hili linayashinda yote: halivuji, halihitaji rangi, na fundi wake ni mkata nyasi.