Mpagazi wa Kanyenye katika Handaki la Ubelgiji

Mjomba wangu mtukufu, shikamoo.

Ama baada ya salamu, ambazo nakuomba uzifikishe kwa jamaa wote wa Kanyenye, tangu uani kwa Bibi hata barazani kwa wazee wa bao, nakuarifu kuwa mimi ni mzima wa afya isipokuwa kiuno, na kwamba kazi ile uliyoniuliza ujira wake haina ujira, kwani huku Ubelgiji wako waungwana wenye nyumba na pensheni ambao siku ya mapumziko huacha vitanda vyao wakaenda kusugua handaki la vita kwa hiari yao, nami kwa kutamani kuwajua wenyeji nikajiandikisha pamoja nao. Posho ni supu na mkate.

Handaki lenyewe liko kando ya mto Yser, karibu na Diksmuide, na huitwa Dodengang. Mwishoni mwa Oktoba 1914 milango ya maji ya Nieuwpoort ilifunguliwa ili bahari ifunike mabonde na kumzuia Mjerumani, na askari wa Kibelgiji wakakaa ukingoni hapo kwa muda wa miaka ipatayo minne. Viroba vya mchanga vya wakati ule havikudumu. Baada ya vita vikawekwa vya saruji mahali pake, na hivyo ndivyo tunavyovisugua, kwa brashi laini, maji haba na kijiti cha kuchokolea kuvu mikunjoni, maana brashi ya waya ni haramu. Nimemwona mwalimu mstaafu amepiga magoti asubuhi nzima mbele ya kiroba kimoja, akikipangusa kwa huruma kama amwogeshaye mgonjwa.

Lakini sikiliza ajabu, Mjomba. Kabla ya kukabidhiwa ndoo, sharti kila mtu ahudhurie darasa la kubeba mizigo. Mimi, Mnyamwezi, ambaye wahenga wake walitoka Unyanyembe hadi Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani, frasila mbili kwa mtu, wakivuka Ugogo kwa kiu na hongo, nikasimamishwa mbele ya hadhara nikafundishwa na kijana wa makamo ya mwanao wa mwisho namna ya kukunja magoti na kuinua ndoo ya maji. Nikaikunja miguu kwa taadhima. Nikapewa na cheti.

Wakati wa supu waliniuliza nitokako, nami nikawaambia kuwa natoka mji ambao jeshi lao lilipata kuuteka. Wakacheka, wakidhani ni mzaha. Ikanibidi niwasimulie jinsi askari Wakongo, chini ya maafisa wa Kibelgiji na Jenerali Tombeur, walivyoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, baada ya Jenerali Wahle wa Kijerumani kuuhama mji, na jinsi Mjerumani mwaka huohuo alivyopiga sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya ndovu, papo hapo Tabora. Dhahabu ambayo, kwa dalili ya paa la nyumba yetu, hakuna mtu wa ukoo wetu aliyepata kuigusa. Tombeur alipewa ubaroni, na jina la mji wetu likaunganishwa na lake. Mwalimu mstaafu alipigwa na butwaa, ilhali mjini Brussels, karibu na jengo la Bourse, upo mtaa uitwao Tabora, naye aliupita ujana wake wote akidhani ni mlima wa katika Biblia. Nimekwenda kuuona. Ni kichochoro kifupi, hakina mwembe hata mmoja, na katikati yake pana nyumba ya pombe. Umfiche Bibi habari hiyo.

Sasa wameniomba niwahutubie juu ya wapagazi waliobeba risasi na chakula cha vita ile, maelfu kwa maelfu, ambao majina yao hayakuandikwa ukutani popote, hali huku kila kiroba kina mlezi wake. Kwa hiyo, Mjomba, hima uwaulize wazee: babu yako alimbebea Wahle au Tombeur? Mwenyekiti wa kikundi chetu anataka kujua mapema, apate kupanga nani akae karibu nami. Na ikiwa alimbebea Wahle, kisha akakamatwa akambebea na Tombeur, kama ninavyoshuku, niandikie hivyohivyo, ila uongeze kama alilipwa, na kama hakulipwa, ni kiasi gani anachodai kila upande, kwani mkutano utahudhuriwa pia na Mjerumani mmoja mpole sana.