Trei ya Montessori

Mama mmoja wa Mbezi kanunua trei ya mbao ya kupangia rangi, shanga za kuhesabia na kadi za herufi. Vyote "vya Montessori", muuzaji kaapa.

Mwanawe wa miaka mitatu kavipita, kakalia boksi. Yuko bize na vizibo vya soda: vya Fanta huku, vya Coca-Cola kule, kisha anavihesabu. Saba huwa anairuka.

Maria Montessori mwenyewe, alipofungua shule yake Roma mwaka 1907, aliwaona watoto wa mtaa wa San Lorenzo wakiyaacha madoli ya bei na kufuata kazi za kweli: kufagia, kupanga meza. Kwa mama huyu, mtoto akigusa ufagio anakemewa: "Weka chini, utachafuka!"

Trei sasa ni ya kubebea chai ya wageni.